Pembe Isiyojaa

Kazi ya kwanza ya siku ilikuwa kukoroga, na mama mwenye kazi hiyo alikuwa amechoka hata kabla hajaushika mti wa kukorogea. Dawa ya kupulizia kalibu ikilala usiku kucha ndani ya pipa hutengana. Maji hukaa juu, safi utadhani ya kunywa, na ule unga mweusi hushuka chini ukatulia kama tope la mtaro. Ni unga wa jamii ileile iliyomo ndani ya penseli, ila huu umesagwa ukawa laini kuliko poda ya mtoto. Ukijitia haraka ukapuliza kabla ya kukoroga, umepuliza maji matupu, na kipande cha kwanza kitang'ang'ania kalibu, lile umbo la chuma linalokifinyanga, kana kwamba kimechomelewa. Kwa hiyo aliinama juu ya pipa, akashika mti kwa mikono miwili, akazungusha, huku mgongo ukimkumbusha umri wake.

Karakana nzima ilimwita Mama Masizi. Zamani jina lile lilimkera. Siku hizi hata ungemwita kwa jina lake la utotoni angechelewa kuitika. Na masizi yenyewe hayakuwa ya kusingiziwa: yaliingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, mpaka kwenye mate. Kila jioni aliyaoga, na kila asubuhi aliyakuta kwenye mto yanamsubiri.

Pale walikuwa wanagonga viungo vya alumini vya viti vya magurudumu, vile vinavyokaliwa na wagonjwa na watu wasioweza kutembea. Kiungo chenyewe hakizidi kiganja cha mtu mzima, lakini kina pembe kali ambamo bolti hukaa ikashika gurudumu. Pembe isipojaa vizuri, bolti hucheza. Na bolti ikicheza, siku moja mtu ataanguka na kiti chake katikati ya barabara.

Walikuwa watatu kwenye mashine ile. Wa kwanza ni mzee wa tanuri, ambaye kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuivisha vipande walimwita Mpishi. Alumini haina ustaarabu wa chuma. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kinakuonya kaa mbali. Alumini hutoka kwenye tanuri na rangi yake ileile ya sufuria mpya, ukaiona imepoa, ukaigusa, ukabaki huna ngozi. Kwa hiyo Mpishi husugua kipande cha sabuni juu yake, na alama ya sabuni ikigeuka nyeusi hupaza sauti, "Kimeiva, pakua!"

Wa pili ni mwenye kugonga. Huyo hukichukua kipande kwa koleo, hukilaza kwenye kalibu ya chini, halafu huvuta wenzo mrefu wa mashine, na nyundo hushuka na kalibu ya juu. Nyundo ile haina akili yake. Ukivuta wenzo kwa nguvu, inashuka kwa nguvu. Ukivuta kivivu, inashuka kivivu. Kisha kipande kikishakuwa kiungo lazima king'olewe kabla hakijapoa, na kama kimekwama, mwenye kugonga huingiza ncha ya koleo na kukibandua kwa bega lake.

Wa tatu ni Mama Masizi, mwenye bomba la kupulizia dawa. Kabla ya kila kipande alipuliza kalibu ya juu na ya chini. Maji yalilia chwaa yakaondoka, ukabaki utando mweusi mwembamba. Alumini ni king'ang'anizi kuliko shemeji aliyekuja kusalimia akakuta kitanda, na bila utando ule haiachii. Alikuwa anajua kwa sikio tu kama kalibu ina joto la kutosha. Ikiwa baridi, dawa inatiririka. Ikiwa moto kupita kiasi, inarukaruka matone na kukimbia. Ikiwa sawasawa, inalia mara moja na kunyamaza.

Na yule wa pili, mwenye kugonga, alikuwa mume wake.

Yeye walimwita Chuma. Enzi zake alikuwa anavuta wenzo kwa mkono mmoja huku anasimulia habari za mpira, na habari haikatiki. Sasa habari zilikuwa zimekatika. Alivuta wenzo kimya, meno yameumana, na mkewe aliyesimama hatua chache kutoka kwake alijua kila kitu, kwa sababu mke anayelala na mtu kitanda kimoja haambiwi bega gani linauma. Analiona. Alimwona anavyogeukia upande wa kushoto tu. Alimwona alivyohamisha kopo lake la chai kutoka rafu ya juu kulishusha mezani, eti juu kuna mende. Wanaume wengine wakichomwa na mwiba mtaa mzima hupata taarifa. Huyu wake angekatika mguu angesema amejikwaa.

Hakumwuliza. Alishamjua: ukimwuliza atavuta wenzo kwa nguvu zaidi ili kukuonyesha, na hapo ndipo atakapojimaliza kabisa. Lakini siku moja kipande kilikwama vibaya, na Chuma alipokibandua uso wake ulibadilika rangi ukawa wa majivu. Alisimama hivyo na koleo mkononi, hapumui. Mama Masizi aliligeuza bomba kwenye kalibu kama kawaida, ila mara hii hakuachia kifyatulio haraka. Alipuliza, akapuliza tena, mpaka kalibu ikawa nyeusi ti kama chungu cha matanga. Kipande kilichofuata kiliruka chenyewe, kikadondoka kwenye koleo bila hata kuombwa. Chuma akashusha pumzi.

Basi, tangu siku ile akawa anapuliza nene. Hakumwambia mtu. Ilikuwa zawadi yake, na alijua hatashukuriwa.

*

Mkosi ukaja na vipande vya mchana.

Vya asubuhi vilikuwa havina neno. Lakini vilivyogongwa baada ya chakula cha mchana vilianza kurudi kutoka meza ya ukaguzi: pembe moja, ileile kila mara, imetoka butu, ya mviringo, kama kipande cha sabuni kilichotumika. Kwanza vilirudi vichache. Baadaye likawa sanduku zima.

Mhandisi alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa umri mdogo, mpole, mwenye miwani iliyokuwa inamteleza puani kwa jasho, na kazi yake alikuwa anaijua vizuri. Hakupiga kelele. Asubuhi mashine haijaanza alimulika kalibu kwa tochi, akapitisha kidole kwenye kila kona. Ilikuwa safi, maana Mama Masizi huisugua kila jioni kwa brashi ya waya kabla ya kwenda nyumbani, na hajawahi kuruka siku. Mhandisi akaenda kwa Mpishi, akakaa naye mpaka akapima joto la vipande kwa kipimo chake. Joto lilikuwa sawa.

"Ningewaunguza wote mngeniona leo," Mpishi akasema. "Kumbe mimi mtakatifu."

Hakuna aliyecheka. Kalibu ni safi, joto ni sawa, alumini ni ileile. Asubuhi vizuri, mchana vibaya. Mtu hahitaji kusoma sana kujua kinachochoka mchana ni nini. Mhandisi aliutazama wenzo, kisha akamtazama aliyeushika, kisha kwa heshima akatazama pembeni.

"Huenda ni mimi," Chuma akasema. Alisema taratibu, kama anayetaja mtu mwingine. "Mchana mkono unalegea."

"Sijasema hivyo, baba," Mhandisi akajibu.

"Mimi ndiye niliyesema."

Mama Masizi alikuwa na bomba mkononi. Alitaka kusema bega, alitaka kusema muda mrefu sasa, alitaka kusema mwacheni. Badala yake akageukia kalibu, akapuliza. Mchana ule Chuma alivuta wenzo kama mtu anayeng'oa mti, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, na kadiri alivyojikaza kisabuni ndivyo mkewe alivyozidi kumpulizia dawa ili angalau kipande kisimsumbue. Pembe zikatoka butu kuliko jana.

*

Nyumbani kwao kulikuwa na uwanja mdogo wa saruji na kamba ya kuanikia nguo, na upande wa pili wa uwanja chumba cha wifi yake, fundi cherehani. Wifi huyu alikuwa dada yake Chuma, hana dogo, na alikuwa na haki zote za wifi za kusema atakalo.

"Shuka zako hizi, wifi," alisema jioni ile akimsaidia kukamua, "mimi zingekuwa zangu ningezipaka rangi nyeusi zote, mambo yaishe."

"Nunua wewe rangi."

"Nitanunua." Wakavuta shuka, huku na huku, maji ya kijivu yakamwagika kwenye miguu yao. Kisha wifi akasema, kama aliyekuwa anatafuta mlango wa kuingilia, "Mtu wako amekuambia?"

"Ameniambia nini?"

"Basi. Nimenyamaza."

"Wifi, usinifanyie hivyo. Umeshaanza, malizia."

Wifi akaitandaza shuka kwenye kamba, akaibana na vibanio taratibu kuliko ilivyohitajika. "Amekuja jana hapa kwangu. Akakaa kwenye kile kigoda, mtu mzima yule. Akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunipigia pasi nguo za wateja."

"Pasi?"

"Pasi. Anasema keshokutwa anamwambia Mhandisi amtoe. Eti anawaharibia kazi. Nikamwambia, kaka, unaumwa? Akasema haumwi. Amesema amekwisha." Sauti ya wifi ikakatika, naye hakuwa mtu wa kukatika sauti. "Nimecheka, wifi. Nilidhani ni utani, nikacheka, kumbe mwenzangu hacheki."

Mama Masizi alibaki ameshika ncha ya shuka. Chuma na pasi. Chuma akipanga mashati ya watu kwenye meza ya dada yake, akijihesabu mtu aliyekwisha. Yeye alitaka apumzike, ndiyo, kila siku alitaka hivyo. Lakini alimtaka apumzike kama mtu, asiondoke pale kama koleo lililovunjika linalotupwa nyuma ya karakana.

Jioni ile walikula, na habari ya pasi haikutajwa. Chuma alitumia mkono wa kushoto kuvuta bakuli.

*

Kesho yake, wenzao walipokwisha kuondoka na Chuma ametangulia kunawa, yeye alibaki kusafisha kalibu kama desturi yake. Kila siku aliisugua ingali na joto, na uchafu ulitoka unga tu, ukaenda na maji. Lakini siku hiyo alikuwa hoi bin taaban. Mkono haukutaka kusugua. Akachukua nyundo ya mbao, akagonga ubavu wa kalibu mara kadhaa, kwa uvivu, ili yadondoke yatakayodondoka, halafu asugue yatakayobaki.

Kitu kikadondoka. Kililia kama kokoto.

Akakiokota. Kilikuwa kidogo, cheusi, kinang'aa kama kigae, kigumu, na kilikuwa na pembe. Akakigeuza kwenye kiganja. Akaenda kwenye sanduku la vipande vilivyokataliwa, akachukua kimoja, akakiweka kile cheusi pale kwenye ubutu. Kikakaa. Kilikaa sawasawa, ukingo kwa ukingo, kama jino lililorudishwa mahali pake. Pembe iliyokuwa inakosekana kwenye alumini ilikuwa hii hapa, imetengenezwa kwa dawa yake mwenyewe.

Akakaa chini juu ya sanduku.

Sasa aliona yote. Dawa ikipulizwa nene haikauki yote juu kwa juu. Inayozidi hukimbilia kwenye kona. Kila pigo la nyundo linaishindilia, mchana unafika kona imeziba na imekuwa jiwe, na alumini ikisukumwa humo inakuta nyumba ina mwenyewe. Nguvu za Chuma zilikuwa palepale. Zilikuwa zinagonga ukuta aliokuwa akijengewa na mkewe, kidogo kidogo, kwa huruma. Na kila jioni yeye huyohuyo aliubomoa kwa brashi ya waya ukasagika ukawa unga, ndiyo maana tochi ya Mhandisi haikuona kitu asubuhi.

Kwa kweli alifikiria kukitupa. Akalitazama shimo la maji machafu, halikuwa mbali. Akikitupa, kesho Chuma atamwambia Mhandisi, atatoka, bega litapona au litatulia, na hakuna atakayejua kwamba Mama Masizi ameharibu sanduku zima la kazi ya watu. Yeye mwenyewe angenusurika kumwaga unga. Yote aliyoyaombea yangetimia, tena kwa bei rahisi. Ila mume wake angeishi miaka yake iliyobaki akiamini kwamba mkono ulimwacha. Angepiga pasi huku anaamini hivyo. Na yeye angelala pembeni yake kila siku, anajua, kanyamaza.

Akakifunga kwenye leso pamoja na kiungo kibovu kimoja. Aliposimama magoti yalilia.

*

Aliviweka mezani baada ya chakula, kwenye mwanga, mbele ya mume wake.

Chuma alitazama leso, akamtazama mke. Akachukua kiungo. Akachukua kile cheusi, akakizungusha kwa vidole, na kwa kuwa hakuna mtu karakana nzima aliyejua kalibu ile kuliko yeye, hakuhitaji kuelekezwa. Alikiweka pembeni ya kiungo. Kikakaa.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye kona ya kalibu. Leo jioni."

Akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Kisha, "Unapuliza kiasi gani?"

"Nyingi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile kipande kilipokwama ukawa wa majivu."

"Sijawahi kuwa wa majivu mimi."

"Baba, tafadhali," alisema, naye hakujua kwamba alikuwa na hasira mpaka alipoisikia. "Unaingiza mkono wa kulia kwanza kwenye shati. Maisha yako yote ulianza na wa kushoto. Unaoga umefunga mlango. Chai umeishusha kwa sababu ya mende, mende gani? Mimi si mgeni humu ndani."

Chuma akasukuma kiti nyuma. Alikuwa mrefu, na chumba kilikuwa kidogo. "Kwa hiyo ulijua. Ukanyamaza, ukawa unanionea huruma kwa bomba. Kila siku navuta ule wenzo mpaka naona nyota, pembe haijai, nasema ndiyo basi tena, mwili umeniaga. Mwezi mzima najizika mwenyewe. Na wewe umesimama pale, unanipulizia!"

"Sikujua kama ni dawa! Ningejua—"

"Ulijua bega."

"Nilijua bega. Na wewe ulijua bega, ukanificha. Ungeniambia mara moja tu, mara moja, 'mke wangu, naumwa,' unadhani ningeshika bomba nikakutibu kwa bomba?" Akaanza kulia, kilio cha uchovu kisicho na sauti, na masizi yakamchirizika mashavuni. "Kesho namwambia Mhandisi. Wewe usiseme kwamba umekwisha. Sema chochote, lakini hilo usiseme."

Upande wa pili wa uwanja cherehani ya wifi ilikuwa imenyamaza. Bila shaka alikuwa anasikiliza. Chuma alirudi kukaa, akaokota tena ile pembe nyeusi, na alilala nayo kwenye mfuko wa shati.

*

Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho amesimama, kiungo mkononi, pembe nyeusi juu yake. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mama," alisema, "kuna mtu angekalia kitu hiki."

"Najua."

"Ungeniambia ana bega, ningejua la kufanya. Hili la kuficha, wewe na yeye, lisirudi tena. Likirudi sitaweza kukutetea." Sauti haikupanda. Mama Masizi angependelea kufokewa. "Leo mtagonga kama kawaida. Dawa nyembamba. Mchana nitakuja kutazama."

Chuma alikuwa ameshasimama kwenye mashine yake. Tangu asubuhi hakuwa amemsemesha mkewe. Mpishi, ambaye hakuna habari iliyompita, alisugua sabuni yake akakaa kimya kama aliyefiwa. Kipande cha kwanza kilipoiva, Chuma alilichukua koleo, akasogea karibu na mkewe, akasema bila kumtazama:

"Leo puliza kama mimi si mumeo."

Mama Masizi akapuliza mara moja. Kalibu ikalia, ikanyamaza. Utando ukawa mwembamba kiasi kwamba ungeona chuma kwa chini. Nyundo ikashuka, ikapanda. Kipande kilikwama kidogo, na Chuma akakibandua. Kikafuata kingine, na kingine. Kidole cha Mama Masizi kilimwasha kwenye kifyatulio. Kila alipomwona anainua koleo alitaka kuongeza kidogo tu, tone tu, na kila mara alikiondoa kidole. Hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama ile ya kutopuliza.

Mchana ulifika na joto lake. Mhandisi akaja, akasimama nyuma ya mstari wa njano wa usalama uliochorwa sakafuni.

"Kimeiva, pakua," Mpishi akasema, pole pole.

Chuma akakilaza. Akaushika wenzo kwa mikono yote miwili, akauvuta, na pigo lile lilitikisa sakafu mpaka maji yakatetemeka kwenye pipa. Nyundo ilipopanda, kiungo kilikuwa kimeng'ang'ania. Akaingiza koleo. Akasukuma. Hakikutoka. Akasukuma tena kwa bega, na hapo ikamtoka sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake katika miaka yote ile, sauti ya chini, ya mnyama aliyekanyagwa. Watu wa mashine za jirani waligeuka. Kiungo kikabanduka.

Alikitumbukiza kwenye maji, akakitoa, akakigeuza. Kisha akakiinua juu kwa mkono wa kushoto ili Mhandisi aone. Pembe zote zilikuwa kali. Ile iliyokuwa butu ungeweza kukatia kamba.

"Si umeona, Mhandisi?" Alikuwa anahema. Mkono wa kulia ulining'inia tu. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona, baba."

"Sijaisha." Akamtafuta mkewe kwa macho, kwa mara ya kwanza siku ile, halafu akarudi kwa Mhandisi. Ilikuwa wazi kwamba neno lililobaki lilikuwa zito kwake kuliko wenzo. "Sijaisha. Naumwa. Bega hili, muda mrefu sasa. Naumwa sana."

Mpishi akaiweka chini sabuni yake. Mhandisi alivuka mstari wa njano, akalichukua koleo kutoka mkononi mwa Chuma, akasema hiyo ni kazi ya hospitali na kwamba wenzo utapata mtu wa kuushika mpaka atakaporudi. Alisema *atakaporudi*. Mama Masizi alilisikia neno hilo vizuri, akaegemea pipa.

Jioni ile nyumbani Chuma hakufunga mlango wa bafu. Alisimama katikati ya chumba, mikono imelegea, akasema, "Nivue hili shati, mama. Siliwezi."

Mkewe alianza na mkono mzima, kisha akalizungusha shati mgongoni, akalitelemsha kwenye mkono mbovu kidogo kidogo, kama anayemvua mtoto aliyelala. Bega lilikuwa limevimba. Pale alipomshika vidole vyake viliacha alama nyeusi, vitano, dhahiri.

"Unanichafua," akasema Chuma.

"Utaoga."

Akaanza kumkanda. Chuma alifumba macho, halafu akanyanyua mkono wa kushoto akaushika mkono wa mkewe na kuuongoza.

"Shuka kidogo," akasema. "Hapo. Hapo ndipo panaponiuma."